Presha haipimwi kwa kichwa kuuma

Dada zangu wa Mtanda, presha yaweza kupanda kimya, kichwa kisiume. Zamani kuijua ilikuwa shida: mwaka 1733 Mwingereza Stephen Hales alichapisha jinsi alivyompima farasi kwa kumtia bomba mshipani. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci akabuni mkanda wa mpira wa kufunga mkononi na kujaza upepo. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akasikiliza mshipa chini ya mkanda, ndipo zikapatikana namba mbili.

Leo kipimo kinakaa kabatini kwetu. Fundi cherehani nawaambia: mkanda uenee mkono kama nguo, ukibana, namba hupanda bure. Tulia dakika 5, mkono usawa wa moyo, pima, andika. Zikizidi 135/85 siku kadhaa, nenda hospitali. Zikishuka, usiache dawa, ndiyo iliyozishusha.