Sayansi ya Nafsi na Mipaka ya Mizani Yake

Mhakiki wa fasihi anaposema kwamba mhusika fulani amechorwa kisaikolojia, aghalabu huwa anamfikiria Sigmund Freud peke yake. Mazoea haya yana kasoro mbili. Kwanza, yanaifanya shule moja kuwa saikolojia nzima. Pili, yanasahaulisha kwamba kila shule ya taaluma hii ilizaliwa mahali maalumu, kwa kuwachunguza watu maalumu, kisha ikadai kuwa imemweleza binadamu popote alipo.

Maswali kuhusu nafsi ni ya kale. Aristotle aliyashughulikia katika karne ya nne kabla ya Kristo. Hata hivyo, saikolojia kama sayansi inayojitegemea huhesabiwa kuanzia mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Humo, watu waliozoezwa kwa kazi hiyo walionyeshwa mwanga au kusikilizishwa sauti, muda wa mwitiko wao ukapimwa, nao wakaeleza walichohisi. Lisilotajwa sana ni kwamba Wundt mwenyewe aliiwekea maabara mpaka. Alishikilia kuwa lugha, visasili na mila ni mazao ya jamii, na kwamba haviwezi kueleweka kwa majaribio ya mtu mmoja mmoja. Aliviandikia majuzuu kumi kati ya 1900 na 1920. Mwanafunzi wake, Edward Titchener, aliyehamia Marekani mwaka 1892, alikwenda na maabara na kuliacha nyuma fungu hilo la pili. Umuundo wake ulikusudia kuichambua fahamu hadi chembe zake ndogo kabisa.

Hukohuko Marekani, William James alikuwa amekwisha kuonyesha, katika kitabu chake cha 1890, kwamba fahamu hutiririka kama mto na haikatiki vipande. Waliomfuata, yaani wanauamilifu, waliuliza fahamu inamsaidiaje mwanadamu kuyakabili mazingira yake. Mwaka 1913 John B. Watson alikwenda mbali zaidi. Alidai kwamba maadamu yaliyomo ndani ya mtu hayaonekani, sayansi ishughulikie tabia tu. Majaribio ya Mrusi Ivan Pavlov juu ya mbwa yaliutia nguvu mkabala huo, na B. F. Skinner akaupanua hadi kwenye lugha mwaka 1957. Miaka miwili baadaye, mwanaisimu Noam Chomsky alimpinga: mtoto hutunga sentensi ambazo hajapata kuzisikia, kwa hiyo mazoea na thawabu havitoshi kueleza umilisi wake. Hoja hiyo ilichangia kuirejesha akili katika mkabala wa utambuzi.

Wakati huohuo, Ujerumani ilikuwa imezaa shule ya Gestalt kutokana na utafiti wa Max Wertheimer wa mwaka 1912. Shule hii ilisisitiza kwamba kitu kizima hakipatikani kwa kujumlisha sehemu zake. Wimbo hutambulika hata ukipandishwa sauti, ijapokuwa kila noti imebadilika.

Freud, kwa upande wake, hakutoka katika maabara. Kitabu chake kuhusu ndoto, chenye tarehe ya 1900, kilitokana na wagonjwa wa Vienna, ndoto zake mwenyewe na tamthilia: humo aliwajadili Oedipus wa Sophocles na Hamlet wa Shakespeare. Fasihi, basi, ilikuwa shahidi wa nadharia ya ung'amuzi-bwete kabla ya kugeuzwa mgonjwa wake. Lakini mwaka 1927 Bronislaw Malinowski alionyesha kwamba katika visiwa vya Trobriand, ambako ukoo hufuata upande wa mama, mwenye mamlaka juu ya mtoto ni mjomba wala si baba. Mgogoro uliodaiwa kuwa wa wanadamu wote ukaonekana kuwa na sura ya familia moja.

Kenya ina ushahidi mchungu zaidi wa hatari hiyo. Daktari J. C. Carothers aliisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alidai kwamba Mwafrika haitumii vilivyo sehemu ya mbele ya ubongo, akamlinganisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha uchambuzi wake wa Mau Mau, ulioyaeleza maasi hayo kama zao la nafsi zilizovurugika baina ya mila na usasa. Madai ya ardhi na uhuru yakasomwa kama dalili za maradhi. Frantz Fanon, naye daktari wa akili, aliikosoa hoja hiyo mwaka 1961, akionyesha kwamba ukoloni wenyewe ndio uliozijeruhi nafsi hizo.

Somo kwa mhakiki wa Kiswahili ni bayana. Kazimoto wa *Kichwamaji* (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, anapojiua, ni rahisi kumwandikia cheti cha ugonjwa. Lakini Kazimoto ni msomi aliyetengwa na jamii yake na elimu ileile iliyomwinua. Anayempima nafsi bila kuipima historia hiyo anarudia kosa la Mathari, hata akiwa na nia njema.