Ukitekwa Kazini, Mshahara Unaendelea?

Hebu niwaulize kitu, wasee. Uko kazini, unatekwa, unakaa miezi minane mahali hakuna simu. Tarehe tano ikifika, landlodi wako atalipwa na nani?

Stori ya Entebbe wengi tunaijua. Juni 27, 1976, ndege ya Air France ilitekwa baada ya kupitia Athens, ikaishia Uganda. Nairobi inaingia kwa hiyo stori kwa sababu ndege za Israeli zilijaza mafuta hapa zikirudi Julai 4. Watu ambao hatuwaongelei sana ni kapteni Michel Bacos na wenzake, waliokataa kuondoka wakawaacha abiria wao. Tunasifu ushujaa wao, na ni sawa. Lakini mimi akili yangu huenda kwingine. Hizo siku, walikuwa kazini ama hawakuwa? Marubani wengi hulipwa kwa kuhesabiwa saa za kuruka. Sasa ukiwa umekaa sakafuni na mtu ana bunduki mlangoni, umeruka saa ngapi?

Jibu la zamani lilitoka baharini, na lilikuwa baya. Kwa sheria ya Uingereza, mshahara wa baharia ulitegemea meli ipate nauli ya mzigo. Meli ikipotea kabla ya kufika, jasho la miezi yote limeenda nayo. Kanuni hiyo iliondolewa 1854, lakini hata baada ya hapo mshahara uliendelea kukatika siku meli inavunjika. Mwaka 1920, shirika la kazi duniani, ILO, lilipitisha mkataba wa kuwapa manusura fidia ambayo ingeweza kuishia miezi miwili tu. Miezi miwili! Na wakati huo ulikuwa ushindi.

Kilichobadilisha mambo ni vita. Disemba 1941 Wajapani walishambulia kisiwa cha Wake, katikati ya Pasifiki, ambapo shirika la ndege la Pan Am lilikuwa na kituo na hoteli. Ndege yake moja, Philippine Clipper, ilitobolewa na risasi lakini ikaweza kuruka. Ilibeba wafanyakazi Wamarekani weupe. Wachamoro, watu wa Guam waliokuwa wakipika na kuhudumia hapo, waliachwa, na waliookoka mabomu wakaishia mikononi mwa Wajapani. Shirika moja, siku moja, na rangi ya ngozi ndiyo iliamua nani ni mfanyakazi wa kuokolewa. Hiyo sehemu huniumiza kila nikiisoma.

Kwenye kisiwa hicho hicho walikuwa mafundi wa ujenzi zaidi ya 1,100, walioajiriwa na makandarasi. Machi 1942 Marekani ilipitisha sheria ya watu waliopotea: mwanajeshi au mfanyakazi wa serikali akipotea au kutekwa, mshahara unaendelea. Mafundi wa Wake hawakuwa upande wowote kati ya hizo mbili. Ilibidi sheria nyingine ije Disemba mwaka huo ndio watu wa makandarasi nao wahesabiwe. (Kama wewe umeajiriwa kwa kontrakti, nadhani unaijua hiyo hisia vizuri.)

Wazo hilo pia utalikuta kwenye mikataba ya vyama vya marubani wa Marekani. Kuna kifungu kizima cha aliyepotea, aliyezuiliwa, mateka au mfungwa wa vita. Mshahara unaendelea, na rubani anajaza fomu mapema kabisa, akiwa mzima, akisema pesa ziende kwa nani. Inatisha kidogo kuijaza, lakini fikiria ile familia isiyo nayo.

Kwa sababu kupotea ni kugumu kuliko kutekwa. MH370 ilitoweka Machi 8, 2014 ikiwa na watu 239, na 12 kati yao walikuwa wafanyakazi wa ndege. Malaysia ilitangaza rasmi kwamba ilikuwa ajali na wote wanachukuliwa wamekufa Januari 29, 2015. Karibu miezi kumi na moja mtu hayuko kazini, wala hajafa. Hapa Kenya, Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu ahesabiwe amekufa asiposikika kwa miaka saba. Miaka saba ya karo, manze.

Sisi hili tulipaswa kulijua mapema. Mwaka 2005 maharamia wa Kisomali waliteka MV Semlow iliyokuwa na chakula cha msaada, na mabaharia wengi ndani yake walikuwa Wakenya. Walikaa zaidi ya siku 90. Leo mabaharia wana kinga: marekebisho ya mkataba wa ILO wa kazi za baharini, yaliyoanza kutumika Disemba 26, 2020, yanasema mshahara uendelee muda wote wa utekaji, hata kontrakti ikiisha katikati. Kenya iko ndani ya mkataba huo tangu 2014.

Wafanyakazi wa ndege hawana mkataba kama huo wa dunia nzima. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inataja kukosa kazini bila ruhusa au sababu halali kama kosa la kufukuzwa. Kutekwa ni sababu halali, hakuna jaji atabisha. Lakini kutofukuzwa na kulipwa ni vitu viwili tofauti, na mimi nataka hicho cha pili kiandikwe, wazi, kwa sheria. Kabla kiandikwe, kama dadako anasomea uhudumu wa ndege, mwambie siku ya kusaini kontrakti aulize hiyo fomu iko wapi.