Mafuta, Shahamu na Lipidi

Mtafsiri wa sayansi ya bahari hukwama mapema kwenye neno mafuta. Mwaka 1823 Mfaransa Chevreul alieleza kuwa mafuta ya wanyama huundwa kwa asidi na gliserini. Hensen, Mjerumani, akavipa viumbe vichukuliwavyo na maji jina la planktoni mwaka 1887. Bertrand akapendekeza lipidi mwaka 1923. Sisi tulikuwa na mafuta, uto na shahamu.

Mfikirie mwalimu wa Nanyamba akieleza mlango wa Ruvuma. Majira ya mvua mto humwaga rutuba baharini, planktoni huzaana. Rutuba ikipungua, daiatomu hujiwekea akiba ya mafuta, na akiba hiyo humfikia dagaa. Tangu gesi igunduliwe Mnazi Bay mwaka 1982, mwanafunzi asikiapo mafuta ya baharini huenda akadhani ni ya visimani. Shahamu nayo haifai, kwani huganda. Haya hayagandi hata maji yapoe.

Kwa maoni yetu, lipidi liwe jina la kundi zima, na mafuta ya aina mojawapo. Asidi ya mafuta iachwe ilivyo: Chevreul mwenyewe aliianzia katika sabuni ya mafuta ya nguruwe.