Safu ya Lugha: Tegemezi na tegemeo
Juzi redioni nilisikia kuwa Urusi na Ujerumani "zilikuwa tegemezi kwa gesi". Nikatua kikombe. Tegemezi, kutokana na kitenzi tegemea, ni yule anayeegemea. Anayeegemewa ni tegemeo. Kabla ya vita vya Ukraine vya 2022, zaidi ya nusu ya gesi ambayo Ujerumani iliagiza ilitoka Urusi. Basi Ujerumani ndiyo tegemezi, Urusi tegemeo.

Wanasiasa wa Berlin walipenda kusema wanategemeana, kwani muuzaji naye alihitaji fedha. Lakini wanaotegemeana ni kama mafiga: likiondoka moja, chungu huanguka. Hapa haikuwa hivyo: Urusi ilipofunga bomba la gesi la Nord Stream 1 mwaka huohuo wa 2022, Ujerumani ndiyo iliyohangaika kutafuta gesi ya kuletwa kwa meli. Aliyeshika koki ndiye mwenye sauti.