Upare, Chuma na Mtambo wa Bunduki

Wanaosimulia vita na biashara za karne ya 19 katika bonde la Pangani hupenda kuhesabu bunduki: mtawala huyu alikuwa nazo tele, jirani yake chache. Hesabu hiyo inapotosha. Kwenye njia ya misafara iliyopita Mazinde, kisha Gonja na Kisiwani chini ya milima ya Upare, kuelekea Kilimanjaro, uwezo wa bunduki ulitegemea mtambo wake, yaani kifyatulio, kamani na nyundo, na vile vitu vidogo ambavyo mtambo haufanyi kazi bila hivyo.

Chuma hakikuwa haba Upare. Wahunzi wa ukoo wa Washana huko Ugweno walikusanya mchanga wenye chuma mitoni, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe, mikuki na visu. Hata Wachaga walinunua chuma chao. Lakini chuma cha namna hiyo kwa kawaida ni laini. Jembe linavumilia ulaini. Kamani ya bunduki haivumilii, kwa kuwa isipokuwa ya chuma cha pua kilichopikwa na kupozwa kwa kipimo, hupinda na kubaki imepinda.

Tazama bunduki ya gumegume inavyofyatuka. Kidole kinavuta, kamani inaachia, jiwe linakwaruza bamba la chuma kigumu, cheche zinaangukia baruti iliyo kwenye kifa, na moto hupenya kitundu kuingia mtutuni. Kati ya kuvuta na kulia kuna kitambo ambacho mlengaji hana budi kutulia tuli. Akitikisika, shabaha imempotea. Tambarare kavu ya Same iliifaa silaha hiyo. Juu, kwenye ukungu wa mlima Shengena, unyevu kidogo tu kwenye kifa ulitosha kuinyamazisha. Fataki, yaani vilipuzi vidogo vilivyochukua nafasi ya jiwe na baruti ya kifa, zilipunguza tabu hiyo, ila zikamfunga mwenye bunduki kwa wafanyabiashara wa pwani, maana fataki haifuliwi kwa mivukuto. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 ziliingia kila mwaka. Wingi huo hautuambii ngapi ziliendelea kulia baada ya kamani ya kwanza kukatika.

Kuna atakayepinga akisema kwamba mafundi wa vijijini Tanzania wametengeneza magobore kwa mikono yao, kwa hiyo ujuzi haukukosekana. Ni kweli, na ujuzi huo unastahili heshima. Ila magobore hayo hutokana na mabomba na vyuma chakavu vya viwandani, mali ambayo mhunzi wa Ugweno wa mwaka 1870 hakuwa nayo. Mikono ilikuwapo, chuma cha pua hakikuwapo.

Ushahidi mzito zaidi kwamba mtambo ndio uliokuwa na uzito umo katika Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Ulizuia silaha za moto kuingia Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, eneo lililoimeza Upare yote, kisha ukaruhusu serikali zitoe idhini kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Mataifa ya Ulaya yalizipanga bunduki kwa mtambo na mtutu wake, yakawaachia Waafrika ule mtambo mkongwe. Wanahistoria wetu nao, kabla ya kuandika kwamba chifu fulani alikuwa na bunduki mia, waulize kwanza zilikuwa za gumegume, za fataki au za kupakiwa risasi kwa nyuma.