Nani alimsemea Nsala? Foto, sauti na historia yetu

Wengi wetu ile foto tumeshaiona. Inatembea kwenye WhatsApp kila mara 30 Juni inapokaribia: mwanaume amekaa pembezoni mwa baraza, ametupa ubavu, anaangalia vitu viwili vidogo vilivyowekwa mbele yake. Ni mkono na mguu wa mtoto wake. Mmoja anaituma, mwingine anaweka alama ya machozi, kisha tunapita. Leo naomba tukae nayo kidogo, zaidi sana ninyi mnaopiga foto za maisha ya watu na sasa mnataka kuingia katika video.

Jina lake ni Nsala, mtu wa Wala. Tarehe 14 Mei 1904 alifika Baringa, kando ya mto Maringa, katika jimbo tunaloita leo Tshuapa. Eneo lile lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Abir, iliyopewa haki ya kuvuna mpira wa porini katika ile Kongo ya mfalme Leopold II. Kijiji kisipofikisha uzito uliotakiwa, kilitumiwa walinzi wenye bunduki. Walimuua mke wa Nsala na binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano. Kilichobaki cha mtoto, baba alikifunga katika majani akakileta misheni. Mmishonari Mwingereza, mama Alice Seeley Harris, alimpiga foto.

Mwaka huo huo foto ilitoka katika kitabu cha E. D. Morel, aliyekuwa ameanzisha chama cha kutetea Wakongomani kule Liverpool. Mwaka 1905 Mark Twain akaandika kijitabu ambamo Leopold mwenyewe analalamika kwamba kamera ni shahidi asiyeweza kumhonga. Hadithi hiyo tunaipenda: kamera ilishinda mfalme. Ni kweli kwa nusu tu.

Nusu nyingine iko katika namna foto zilivyoonyeshwa. Alice na mume wake John waliporudi Uingereza walizunguka mji kwa mji na taa ya kuonyeshea picha, ile iliyotangulia projekta. Foto zilihamishwa kwenye vioo vidogo, taa inawashwa nyuma, na sura inatokea ukutani, kubwa kuliko mtu. Sasa fikiri vile jioni ilivyokuwa: ukumbi uko giza, watu wamejaa. Msemaji anasimulia, kioo kinabadilishwa, anasimulia tena. Wanaimba nyimbo za kanisa, wanaomba. Wakina Harris walileta hata minyororo na fimbo, ile fimbo ya ngozi ya kiboko babu zetu walioijua migongoni, watu waione kwa macho. Mwisho mkutano unapitisha azimio la kuidai serikali yao ichukue hatua. Picha, sauti, muziki, vitu vya kushika, na mpangilio wa hadithi wenye mwanzo na kilele. Sisi leo tunaita multimedia na tunadhani imeletwa na intaneti!

Kazi ile ilipangwa mpaka ikawa kama kifurushi. Kulikuwa na seti ya vioo 60 pamoja na hotuba iliyoandikwa, kioo kwa kioo, hivi kwamba mchungaji yeyote Uingereza ambaye hajawahi kukanyaga Kongo aliweza kuwasha taa na kusoma. Na watu walilia, wakatoa pesa. Tarehe 15 Novemba 1908 Leopold alilazimika kuiacha Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Sisemi taa peke yake ilifanya hivyo, maana kulikuwa na siasa, na ripoti za konsuli Roger Casement. Lakini ilisaidia sana, na mimi siwezi kuidharau.

Ila sikilizeni tena ule ukumbi. Nani anaongea pale? Mwingereza. Nsala yuko ukutani, amenyamaza. Kilio ni chake na maneno ni ya mwingine. Mwenye kusoma hotuba anaweza kumfanya awe mhanga, awe mfano, awe sababu ya sadaka. Yeye hawezi kumjibu.

Mtu atasema: eh, wakati ule hapakuwa na namna, sauti zao zingepatikanaje? Kumbe zilipatikana. Mwishoni mwa 1904 tume ya uchunguzi ya wanasheria watatu, Mbelgiji, Mwitaliano na Mswisi, ilifika Baringa yenyewe. Wakongomani walikuja kusema. Kati yao alikuwepo chifu Lontulu wa Bolima. Alileta vijiti 110. Aliviweka mbele ya tume katika mafungu manne: wakubwa wa kabila, wanaume, wanawake, watoto. Kisha alichukua kijiti kimoja kimoja akataja jina la aliyeuawa.

Mimi nikisoma habari hiyo naona mtengenezaji wa filamu. Alijua kwamba hesabu peke yake inasahaulika, na kwamba jina likitajwa huku mkono umeshika kitu, msikilizaji hawezi kukwepa. Alijua pia kwenda polepole.

Ripoti ya tume ilitoka Novemba 1905, lakini maneno ya mashahidi hayakuchapishwa. Yalifungiwa katika nyaraka za serikali Brussels mpaka miaka ya 1980. Kwa hiyo foto zetu zilizunguka Ulaya zikiwa na sauti ya wengine, na sauti zetu zilikaa kabatini bila picha. Kwangu mimi, shida yote ya kazi hii iko pale, na kamera mpya haiiondoi.

Kamera mpya zilikuja, ni kweli. Tangu 2008, Canon 5D Mark II ilipotoka, mpiga foto aliweza kupiga video nzuri kwa mashine ile ile, na leo hata telefone inatosha. Lakini kabla ya hapo, mwana wa Lubumbashi Sammy Baloji alishaonyesha njia. Mwaka 2006, katika kazi yake Mémoire, alikata watu kutoka foto za zamani za Union Minière akawaweka katika magofu ya Gécamines ya leo. Akaongeza video: Faustin Linyekula anacheza kwa mwili wake ndani ya magofu yale, na juu yake tunasikia hotuba za wanasiasa wetu, ahadi juu ya ahadi. Hakuna msemaji wa kutueleza tuhisi nini. Mwili unazijibu hotuba.

Basi ukienda kesho kupiga video kwa wachimbaji wa Kolwezi au wakimbizi wa vita Goma, anza na sauti. Mwache mama aseme kwa lugha yake, Kinande, Mashi, Kiswahili cha kwake, na tafsiri uiandike chini ya picha. Usiweke sauti yako juu ya sauti yake. Uliza jina, na uliza kama anataka litajwe, maana siku hizi jina linaweza kumletea mtu hatari. Rekodi pia dakika moja ya ukimya wa mahali, upepo, mabati, watoto wa jirani, badala ya kumwaga piano ya huzuni toka YouTube. Mikono yake iache ndani ya picha muda mrefu kuliko unavyozoea. Na kabla ya kuonyesha wengine, rudi umwonyeshe yeye kwanza.

Ushahidi wa Lontulu, nao, bado unangoja. Uliandikwa kwa Kifaransa cha tume. Kuurudisha katika Lomongo, kumpa mzee wa eneo lile ausome kwa sauti yake, na kuweka vijiti 110 mbele ya kamera, kimoja kimoja, bila kukata: kwa mwenye telefone nzuri, ndugu wa Tshuapa wa kumpokea, na subira, kazi hiyo inawezekana.