Santuri Mbili Zilizoteta, na ya Tatu Iliyofika Bara

Wafanyabiashara wa Unguja waliokuwa wakipeleka misafara Unyanyembe walijua, na aghalabu walijua baada ya kula hasara, ya kuwa hukumu ya bidhaa haikatwi pwani inakotoka bali bara inakokwenda: mtu aliyepakia ushanga wa rangi isiyopendwa, akauvusha nyika ya Mgunda Mkali juu ya vichwa vya wapagazi, kila mmoja na mzigo wake wa karibu frasila mbili, aliweza kufika Tabora akakuta samesame nyekundu ndiyo itakiwayo, na wake haumnunulii hata kibaba cha mtama. Merikani nayo, nguo ya viwanda vya Massachusetts, ilitamalaki njia ile kwa uimara wake, mpaka vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoiadimisha na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikapata mwanya.

Na kila nikiitafakari tarikhi ya santuri za picha, zile ambazo wengi huziita sidii, naona mizani ya zamani ikitumika tena.

Mwaka 2006 zilitoka sokoni santuri mbili zilizodai kurithi DVD: HD DVD ya Toshiba, na Blu-ray ya Sony na washirika wake. Zote mbili zilisomwa kwa mwali wa buluu, mwembamba kuliko ule mwekundu wa DVD, na zote zilitoa picha ya mistari 1080. Toshiba waliliacha tabaka la habari katikati ya unene wa santuri, kama lilivyokuwa katika DVD, hata viwanda vya zamani vikaweza kugeuzwa kwa gharama ndogo, lakini kila tabaka likabeba gigabaiti 15 tu. Sony walilisogeza hadi sehemu ya kumi ya milimita kutoka usoni, wakapata gigabaiti 25, nao wakalazimika kuipaka santuri ngozi ngumu isichubuke. Kwa uchumi, naona hoja ya Toshiba ilikuwa na nguvu. Ila shindano halikuamuliwa kwa hoja. PlayStation 3, mashine ya michezo ya Sony, iliingiza Blu-ray majumbani pamoja na michezo ya watoto, studio ya Warner ikahamia huko Januari 2008, na tarehe 19 Februari Toshiba wakasalimu amri.

Kishindo hicho hakikusikika katika vibanda umiza, mabanda ya kuonyeshea sinema ya miji midogo ya bara. Huko sultani alikuwa VCD, santuri dhalili ya mwaka 1993, ichukuayo dakika 74 za picha isiyofika hata mistari 300, hata sinema ya saa mbili ikadai santuri mbili, na watazamaji waliobanana juu ya mabenchi wakangoja ya pili itiwe. Picha ilipokwama, mwenye banda aliitoa santuri dekini, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa pindo la shati kutoka katikati kuelekea ukingoni, akairudisha, na jenereta likiendelea kunguruma nje. Mbele ya televisheni ya chogo, mistari 1080 ingemfaa nani? Tena santuri za Hollywood, pamoja na wasaa wote wa kubeba ndimi nyingi, hazikukikumbuka Kiswahili, ilhali nakala rakhisi za soko la Kariakoo zilikuwa na sauti ya Lufufu, aliyewafasiria watu sinema za kigeni kwa mzaha na ufasaha, na mara nyingine akawatungia yasiyokuwamo.

DVD ilipoenea, wanakili walitenda kinyume kabisa na wahandisi wa Tokyo: badala ya kuutumia wasaa kwa kuitakasa picha, waliikamua wakazishindilia sinema kumi, hata ishirini, katika santuri moja, na wanunuzi wakaridhia ukungu ule kwa furaha. Filamu za Bongo nazo, za akina Steven Kanumba, ziliuzwa kwa VCD na DVD, nyingi zikikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili zinunuliwe mara mbili.

Waama hata VCD na DVD zilipochakaa, Blu-ray haikuzirithi. Mrithi amekuwa flashi, ambayo kijana wa duka la muvi huichomeka katika kompyuta yake, akaijaza, akatoza kwa hesabu ya filamu.